Bima ya Nyumba Katika Ardhi ya Moto: Uhakiki wa Hoja za Sheikh Mustafa al-Zarqa na za Waliompinga

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Imepokewa katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (R.A.), kwamba nyumba moja iliungua usiku mjini Madina na wenyewe wakiwa ndani. Mtume (S.A.W.) alipopewa habari zao aliwaambia Masahaba kuwa moto ni adui yao, na akawaamrisha wauzime wanapokwenda kulala. Hadithi hii tumezoea kuisoma katika mlango wa adabu za kulala, kisha tukaipita. Leo tunairejea kwa ajili ya suala jingine. Nyumba ikishaungua, nani anasimama na mwenye nyumba? Na je, yafaa kwake kuinunua ahadi ya kusimamiwa kabla moto haujafika?

Suala la bima si geni kwa wasomaji wetu. Sababu ya kulirudia ni kwamba ndugu zetu wanaoishi magharibi ya Marekani, wakiwemo waliotoka Afrika Mashariki, wamefikwa na hali ambayo fatwa zilizopo hazikuitazama. Wanawauliza maimamu, na maimamu wanajibu kwa kusoma vitabu vilivyoandikwa kabla ya hali hiyo kutokea. Kwa hiyo tumeona tuvihakiki vitabu vyenyewe: kwanza kitabu cha Sheikh Mustafa Ahmad al-Zarqa kiitwacho Nizam al-Ta'min, ambacho ndicho utetezi mkubwa wa bima kwa lugha ya fiqhi katika zama zetu, na pili azimio la Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa lililotolewa Jeddah mwaka 1985, ambalo ndilo tegemeo la wanaoharamisha.

Dai letu tunaliweka mwanzoni ili msomaji atupime nalo. Pande zote mbili zilijenga hoja zao juu ya picha ya nyumba moja inayoungua katika mji usioungua. Ardhi ya moto imeivunja picha hiyo, na kwa kuvunjika kwake kila upande umepoteza hoja yake iliyokuwa na nguvu zaidi.

HALI ILIVYO

Hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu. Basi tuanze na jimbo la California.

Tarehe 8 Novemba 2018 moto wa msituni ulioitwa Camp Fire uliufikia mji wa Paradise. Watu 85 walifariki na majengo zaidi ya 18,000 yaliteketea, mengi yao katika siku ya kwanza. Januari 2025 mioto miwili, Palisades na Eaton, ilizuka katika eneo la Los Angeles siku moja, tarehe 7. Majengo zaidi ya 16,000 yaliharibika na watu wapatao 30 walifariki. Katika mji mdogo wa Altadena uliteketea pia msikiti wa al-Taqwa, uliowakusanya Waislamu wa pale kwa miaka mingi. Allah awape waja wake hao badali iliyo bora.

Mwenye nyumba nchini humo kwa kawaida amenunua kwa mkopo wa miaka 15 au 30, na mkopeshaji humshurutisha awe na bima ya nyumba muda wote wa deni. Akikosa bima, mkopeshaji humkatia yeye mwenyewe kwa gharama ya mdaiwa. Bima ya namna hiyo huwa ghali zaidi, na humlinda mkopeshaji kabla ya kumlinda mwenye nyumba. Hata wenzetu walionunua kupitia taasisi zinazokwepa riba, kwa murabaha au kwa ushirika unaopungua, hukuta sharti hilo hilo ndani ya mkataba.

Lakini mkataba wa bima ni wa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, kampuni ina hiari ya kutouhuisha. Baada ya mioto ya 2017 na 2018 kampuni nyingi zilianza kuwaacha wateja wa maeneo ya milimani na misituni. Serikali ya jimbo iliweka sheria mwaka 2018 inayozuia kampuni kuwaacha wakazi wa maeneo yaliyopakana na moto kwa muda wa mwaka mmoja tangu kutangazwa kwa hali ya hatari. Mwaka ukipita, zuio huondoka. Mei 2023 kampuni ya State Farm, iliyokuwa kubwa kuliko zote katika bima za nyumba jimboni humo, iliacha kupokea maombi mapya ya bima ya nyumba. Machi 2024 ikatangaza kuwa haitahuisha mikataba ipatayo 72,000 ya nyumba na majengo ya kupangisha.

Kampuni nazo zina utetezi wao, na uadilifu unatutaka tuutaje. Tangu wananchi wapige kura ya mwaka 1988, ada za bima jimboni humo haziongezwi mpaka kamishna wa bima aidhinishe. Kwa miaka mingi kampuni zilihesabu ada kwa kutazama hasara zilizopita, bila kuruhusiwa kukadiria moto ujao. Kanuni hiyo ililegezwa mwishoni mwa 2024. Kampuni zilisema: mmetuzuia kutoza bei ya hatari yenyewe, basi tunaondoka.

Aliyekataliwa na kampuni zote hubakiwa na mlango mmoja, uitwao FAIR Plan. Huu ni mfuko ulioanzishwa kwa sheria mwaka 1968, unaoendeshwa kwa pamoja na kampuni zote za bima za mali zenye leseni jimboni. Bima yake kwa asili ni ya moto na mambo machache mengine. Wizi na dhima kwa jirani haimo, na kiwango cha fidia kina mpaka. Mwishoni mwa 2024 mfuko huo ulikuwa na mikataba ya nyumba zaidi ya 450,000.

HOJA ZA SHEIKH AL-ZARQA

Sheikh Mustafa al-Zarqa (1904–1999) alizaliwa Halab, Sham. Mwaka 1961, katika wiki ya fiqhi iliyofanyika Damascus, alisimama kuitetea bima mbele ya wanavyuoni wakubwa, akiwemo Sheikh Muhammad Abu Zahra aliyempinga. Miaka 17 baadaye, Baraza la Fiqhi la Makka lilipoharamisha bima ya kibiashara ya aina zote, azimio liliandikwa kuwa ni la wajumbe wote isipokuwa al-Zarqa. Mtu anayesimama peke yake miaka yote hiyo ana haki hoja zake zielezwe kwa ukamilifu kabla ya kujibiwa.

Hoja yake ya kwanza ni kwamba asili ya mikataba ni uhalali mpaka dalili ikataze, na bima ni mkataba mpya usiolazimika kuingizwa ndani ya mkataba wa kale. Ya pili ni kwamba fiqhi inayo mifano inayofanana nao. Wanavyuoni wa Hanafi wamejadili mtu anayemwambia mwenzake apite njia fulani kuwa ni salama, na kwamba mali yake ikichukuliwa yeye atamdhamini. Iko pia diya inayobebwa na aqila, yaani jamaa wa aliyeua kwa makosa. Ya tatu, na ndiyo aliyoishikilia sana, ni mfano wa mlinzi. Mlinzi huajiriwa kwa ujira unaojulikana, na anachokitoa hakishikiki mkononi: ni amani tu ya mwenye mali. Ikiwa amani ya mlinzi yafaa kulipiwa, amani ya bima vilevile.

Hoja ya nne inahusu gharar. Mtume (S.A.W.) amekataza biashara ya gharar, kama ilivyo katika Sahihi Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.). Al-Zarqa alijibu kuwa kampuni haibahatishi. Inakusanya watu wengi, inatazama takwimu, na inajua kwa makadirio ya karibu nyumba ngapi zitaungua kila mwaka. Ama mwenye bima, yeye amepata amani tangu siku aliyotia saini, moto utokee usitokee. Basi gharar iko wapi?

Hakuhalalisha kila lifanywalo na kampuni. Alitenganisha mkataba wenyewe na uwekezaji wa riba unaofanywa na fedha hizo, akasema riba inabaki riba. Wengi waliomnukuu wameliacha jambo hili.

MLINZI NA AMANI

Tuanze na mlinzi. Sisi wafuasi wa Imam Shafi'i (R.A.) mfano wa udhamini wa njia hautulazimu, kwani katika kauli mpya ya Imam udhamini wa haki ambayo haijathibiti hausihi, na hasara ya kesho haijathibiti leo. Mfano wa aqila nao hauna malipo ya ujira ndani yake. Mfano wa mlinzi ndio unaostahiki kutazamwa, kwa sababu ijara ya ulinzi inakubalika kwetu.

Mlinzi anauza kazi. Anakesha, anazunguka ukuta, anapiga kelele. Amani ni tunda la kazi hiyo. Kampuni ya bima haikeshi msituni wala haikati nyasi kavu. Wapinzani wa al-Zarqa waliyasema haya zamani, naye akajibu kuwa makusudio ya mwenye mali ni tunda, si kazi. Jibu lake lilikuwa na nguvu kwa zama zile.

Ardhi ya moto imeongeza jambo ambalo hakuna katika wao aliyelijadili. Miaka hii kampuni hupiga picha za mapaa kutoka angani, zikatazama miti iliyokaribia ukuta na umri wa paa, kisha zikaamua nani aachwe mwaka ukiisha. Basi huyu ni mlinzi wa namna gani? Ni mlinzi anayelipwa miaka ishirini mwizi akiwa mbali, na anaposikia nyayo zake karibu na uzio anasema mkataba wangu umekwisha.

Hatusemi kuwa amevunja mkataba. Ijara ya muda huisha kwa muda wake, na hakuna upande unaolazimika kuihuisha. Tunachosema ni kwamba kilichouzwa si kile al-Zarqa alichokitaja. Alitaja amani ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba ana deni la miaka 30 na ukuta usiohamishika, na amani aliyonunua ni ya miezi 12, inayoweza kuondolewa pale hatari inapothibiti. Hoja ya amani inabaki kuwa sahihi kwa kadiri ya mwaka mmoja tu. Anayeitumia kusema kwamba bima humpa Muislamu utulivu wa makazi yake, amemuuzia mwulizaji zaidi ya kilichomo ndani ya mkataba.

HESABU YA WINGI

Hoja ya takwimu ndiyo nguzo ya kitabu chake, na hapa ndipo tunapotofautiana naye zaidi.

Tuchukue mfano. Nyumba 1,000, kila moja ina thamani ya dola 300,000, na makadirio ni kuwa kwa wastani nyumba 10 huungua kila mwaka. Kila mwenye nyumba analipa dola 3,000, mfuko unapata dola milioni 3 kwa mwaka, na fidia ya nyumba 10 ni hizo hizo milioni 3. Nyumba hizi zikiwa zimetawanyika katika miji mingi, moto wa jikoni wa mmoja haumfikii mwingine. Mwaka huu zitaungua 8, mwakani 12, na mfuko utasimama. Hii ndiyo hali aliyoiona al-Zarqa, na ndani ya hali hii maneno yake ni ya kweli.

Sasa nyumba hizo hizo 1,000 ziwe katika bonde moja lenye msitu. Wastani ni ule ule, kwa maana kwamba bonde huungua lote mara moja katika miaka 100. Mfuko unakusanya miaka 20 bila kulipa kitu, unafikia dola milioni 60. Kisha unavuma upepo wa siku moja, na fidia inayotakiwa ni dola milioni 300. Wastani ulikuwa sahihi, na mfuko umefilisika.

Huu si mfano wa kubuni tu. Baada ya moto wa Paradise mwaka 2018, kampuni ndogo ya siku nyingi iitwayo Merced Property & Casualty, iliyokuwa na wateja wengi mjini humo, ilikuta madai ya moto huo peke yake yanazidi mali yake yote zaidi ya mara mbili. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa imewekwa chini ya ufilisi, na madai yakahamishiwa kwenye mfuko wa dhamana wa jimbo.

Kwa hiyo takwimu huondoa gharar pale tu misiba ikiwa imetengana. Misiba ikishikana mikono, gharar hurudi kwa kampuni kama ilivyokuwa.

Mtetezi wa al-Zarqa atasema: kampuni hujikatia bima mtawanyo kwa kampuni kubwa za dunia, ili hasara ya bonde moja igawanywe kwa wengi. Ni kweli. Lakini tazama matokeo yake. Wale wakubwa wanaongeza bei, na kampuni isiporuhusiwa kuihamishia bei hiyo kwa mteja inamwacha mteja. Gharar haikuondoka hapo. Ilitolewa ofisini ikapelekwa kwenye kizingiti cha mwenye nyumba, ambaye hajui kama mwakani atakuwa na bima, kwa bei gani, na kama fidia itatosha kuijenga upya nyumba wakati mji mzima unatafuta fundi na mbao siku moja.

Imam al-Nawawi ameeleza katika sharhi yake ya Sahihi Muslim kwamba gharar husamehewa ikiwa haja inailazimisha na haiwezi kuepukwa ila kwa mashaka, au ikiwa ni ndogo. Na al-Qarafi wa madhehebu ya Malik ameigawa gharar katika nyingi, chache na ya kati. Kosa la kitabu cha Nizam al-Ta'min, kwa maoni yetu, ni kuihukumia bima kana kwamba ina kipimo kimoja cha gharar mahali pote. Bima ya nyumba ya mjini yaweza kuwa na gharar chache, na ya bondeni ikawa na nyingi, ilhali karatasi ni moja na maneno ni yale yale.

AMA WALIOPINGA

Msomaji aliyefika hapa huenda akadhani tunaliunga mkono azimio la Jeddah bila ya sharti. Azimio hilo, la Rabiul-Akhir 1406 (Desemba 1985), lilisema mkataba wa bima ya kibiashara wenye ada maalumu una gharar kubwa inayoubatilisha, na kwamba badala yake ni bima ya ushirikiano iliyosimama juu ya tabarru', yaani mchango wa hiari, na kusaidiana. Hukumu ya asili tunaikubali. Ibn Abidin (aliyefariki 1252 H / 1836) alikwishaitazama bima ya majahazi iliyoitwa sukra katika zama zake, ambayo miongoni mwa hatari zake ni moto, na akaona si halali kwa mfanyabiashara kuchukua fidia kwa mkataba uliofungwa katika nchi ya Kiislamu, kwani ni kulazimisha lisilolazimu.

Lakini tunazo kasoro mbili za kuonesha.

Ya kwanza ni kwamba badala iliyotajwa ina ugonjwa ule ule wa bonde. Wanavyuoni wa takaful hutegemea kauli ya Imam Malik kwamba gharar huharibu mikataba ya kubadilishana na haiharibu michango ya hiari. Ni msingi mzuri. Hata hivyo, kusamehewa gharar hakuongezi dirhamu moja ndani ya mfuko. Waislamu 1,000 wa bonde moja wakichangiana kwa nia safi kabisa, siku ya moto wote watakuwa wadai na hakuna atakayebaki kuwa mlipaji. Al-Ash'ari, kabila la Abu Musa, walisifiwa na Mtume (S.A.W.) kwa kukusanya chakula chao katika nguo moja na kukigawana sawasawa kilipopungua. Wanavyuoni wanaipenda hadithi hiyo katika mlango wa takaful, nasi tunaipenda. Ila kilikuwepo kitu cha kukusanya. Ushirikiano unaofaa katika ardhi ya moto ni ule unaovuka bonde, ukamfikia asiyeungua.

Ya pili ni kwamba azimio liliziomba nchi za Kiislamu zianzishe bima ya ushirikiano, na nyingi zimeanzisha. Sudan ilitangulia mwaka 1979, na Kenya ina Takaful Insurance of Africa tangu 2011. Muislamu wa California hana nchi ya kumwanzishia. Katika maeneo ya moto hana soko la takaful la kutegemewa ambalo mtu wa kawaida anaweza kuligeukia. Imamu anapomjibu kuwa bima ni haramu, badala yake ni takaful, kisha akafunga kitabu, amemtuma mtu kwenye duka ambalo halipo.

Wengine hukimbilia neno dharura. Husema: umelazimishwa na mkopeshaji, basi kata bima na Allah atakusamehe. Jibu hili ni sahihi katika sehemu yake ya kwanza. Haja iliyoenea huchukua nafasi ya dharura, kama ilivyoelezwa katika vitabu vya kanuni za fiqhi. Lakini dharura hupimwa kwa kadiri yake, na anayeruhusiwa kula mzoga haachi kutafuta chakula. Tangu fatwa hizi zianze kutolewa, wangapi waliopewa ruhusa ya dharura walipewa pia wajibu wa kuiondoa? Ruhusa isiyo na wajibu huwa makazi.

FAIR PLAN SI TAKAFUL

Ndugu wengine wameuliza kama mfuko wa FAIR Plan si aina ya takaful, kwa kuwa kampuni zote hushirikiana hasara na kwa kuwa uliundwa kwa ajili ya walioachwa. Swali ni zuri. Mfuko huo ulipoelemewa na mioto ya Januari 2025, Februari yake uliruhusiwa kuzitoza kampuni wanachama dola bilioni 1, na kampuni zikapewa njia ya kuomba nusu ya mzigo huo waubebe wateja wao jimboni kote. Hivyo mtu wa pwani ambaye hakuuona moshi amechangia nyumba ya mtu wa mlimani. Kwa sura, hili linakaribia aqila kuliko bima ya kawaida.

Hata hivyo sura haitoshi. Mwenye nyumba analipa ada kwa kubadilishana na fidia, hakutoa tabarru'. Mchango wa yule wa pwani ulitokana na amri ya sheria, wala hakuunuia. Ziada ya mfuko si mali ya wachangiaji. Basi hukumu yake ni ya bima ya kibiashara, isipokuwa kwamba haja ndani yake iko wazi zaidi, kwa kuwa anayeufikia mlango huu amekwisha kukataliwa kwingine, na kwa kuwa gharar ya kuachwa ni ndogo zaidi katika mfuko uliowekwa kwa ajili ya walioachwa. Kwa kipimo cha al-Nawawi, kusamehewa kwake kuna nafasi kubwa kuliko kwa kampuni inayochagua na kuacha itakavyo.

FUNGU LILILOSAHAULIWA

Sasa tuje kwenye jambo ambalo pande zote mbili zililigusa kwa ncha ya kidole.

Katika Surat al-Tawba, aya ya 60, Allah (S.W.) ametaja mafungu manane ya Zaka, na miongoni mwao ni al-gharimin, wenye madeni. Imepokewa kutoka kwa Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas (R.A.), katika tafsiri ya neno hili, kuwa aliwataja watu watatu: ambaye mafuriko yamechukua mali yake, ambaye moto umeteketeza mali yake, na mwenye familia asiye na mali anayekopa ili awalishe. Sheikh Yusuf al-Qaradawi aliitaja kauli hii katika kitabu chake cha Fiqhi ya Zaka, akaonesha kuwa Uislamu ulitangulia katika kumdhamini aliyefikwa na msiba. Na katika Sahihi Muslim, hadithi ya Qabisa bin Mukhariq (R.A.), aliyepatwa na janga lililoangamiza mali yake ni miongoni mwa watatu walioruhusiwa kuomba mpaka wapate cha kuwasimamisha.

Fungu hili linamhusu aliyeunguliwa wa leo kwa njia isiyo na utata. Nyumba ikiteketea, deni la nyumba haliteketei. Mtu analala hotelini au kwa jamaa, na kila mwezi anadaiwa malipo ya nyumba iliyo majivu. Akiwa hana cha kulipa, huyu ni gharim hata kwa tafsiri iliyo finyu kabisa ya neno hilo. Ikiwa deni lake lina riba, wafuasi wa Shafi'i hushurutisha toba kwa deni la maasia. Basi atubu, na asaidiwe katika rasilimali ya deni. Na asaidiwe kwa kadiri ya haja. Zaka haijengi jumba la anasa.

Hapo pana tanbihi kwa wafuasi wa madhehebu yetu. Kauli mashuhuri kwetu ni kutoihamisha Zaka kutoka mji wake wakiwepo wenye kustahiki. Kwa hiyo mfuko mpana tuliousema, unaovuka bonde, usitegemee Zaka. Ujengwe juu ya tabarru' na wakfu, kama walivyofanya Waislamu wa Afrika Kusini na Pakistan walioiweka takaful yao juu ya msingi wa wakfu. Zaka iwe chombo cha pale pale, cha baada ya msiba. Wakfu uwe chombo cha mbali, cha kabla ya msiba. Msikiti wa Chicago ambao hautaungua kwa moto wa California ndio mchangiaji anayefaa, na kesho tufani au mafuriko yakiupata mji wake, California itamrudishia. Hili ni agizo la kusaidiana katika wema na uchamungu lililo katika Surat al-Maida, aya ya 2, na kwa jamii isiyo na dola ni fardhi kifaya. Wote wakiliacha, wote wamepata dhambi.

NINI AJIBU IMAMU

Kwa muhtasari, imamu anayeulizwa na mwenye nyumba katika ardhi ya moto tunampendekezea ajibu hivi.

Kwanza, asihukumu kabla ya kuusoma mkataba wa mwulizaji. Aulize ni wa nani, unafunika nini, na nyumba iko wapi.

Pili, aliyeshurutishwa na mkopeshaji au mshirika, na asiyepata takaful, anaruhusiwa kukata kiasi kinachotimiza sharti na kinachohifadhi makazi yake. Asizidishe. Akipata msiba, kauli tunayoielekea ni kwamba achukue fidia kwa kadiri ya hasara yake halisi, kwa kuwa alilipa kwa kulazimika na makusudio ni kuziba hasara. Wapo waliomwekea mpaka wa kile alichokilipa tu, na anayechukua tahadhari hiyo akiweza amefanya vyema.

Tatu, wasimamizi wa misikiti wajue kuwa wao ni nadhiri wa mali ya wakfu na si wamiliki. Mtu aweza kuivumilia hasara ya nyumba yake kwa wara'. Hana haki ya kuivumilia hasara ya wakfu wa Waislamu kwa niaba yao. Haja kwao ni kubwa zaidi, na wajibu wa kuulinda msikiti ni mzito zaidi.

Nne, arudi kwenye hadithi ya nyumba ya Madina. Mtume (S.A.W.) alipoambiwa nyumba imeungua, amri aliyoitoa ilikuwa ya kuzima moto kabla haujaanza. Nyumba nyingi katika mioto hii hushika kwa cheche zinazopeperushwa na upepo, zikaingia kwenye matundu ya hewa ya paa au zikatua kwenye majani makavu yaliyogusa ukuta. Kuweka wavu mwembamba katika matundu hayo na kuondoa kila kinachoungua katika futi 5 za kwanza kuzunguka nyumba ni katika kuitekeleza Sunna hiyo. Tangu 2022 kanuni za jimbo zinazitaka kampuni zimpunguzie ada mwenye kufanya hivyo. Vijana wa msikiti wakitenga siku mbili kwa mwaka kuwasafishia wazee na wajane viwanja vyao, watakuwa wametoa ulinzi ambao al-Zarqa aliusifu na kampuni haikuutoa.

Tano, asisimame mimbarini akasema kuwa walioungua wameadhibiwa. Hana elimu ya ghaibu, na msikiti ulikuwa miongoni mwa vilivyoungua.

Sheikh al-Zarqa alitaka Muislamu asiachwe peke yake na msiba wake, na hilo ni lengo la sharia. Waliompinga walitaka Muislamu asiule msiba wa mwenzake kwa mkataba wa kubahatisha, na hilo pia ni lengo la sharia. Tumewahakiki wote kwa adabu ya mwanafunzi anayetazama jambo ambalo walimu wake hawakufikwa nalo. Tukipatia ni kwa tawfiki ya Allah, na tukikosea ni kutokana na nafsi zetu, na tunamshukuru atakayetusahihisha.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.